Mbuzi Aliyepelekwa kwa Mambamutu

Beni, commune ya Ruwenzori
Siku ya Mungu, baada ya misa

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Yaya Masika: niliolewa na Kakule, si na citerne ya maji. Uliniuliza kwenye simu ukicheka, "Kavira, uliolewa na Kakule ao na citerne?" na mimi nikafungua kinywa nikujibu, mtandao ukakata hapo hapo. Mtandao wa huku ndivyo ulivyo, husubiri neno tamu ndipo ujifie. Tangu siku ile nakujibu moyoni. Nikichambua maharage nakujibu, nikifua nakujibu. Sasa Baba Yusufu, jirani yetu anayepakia magari ya Butembo, amepita asubuhi hii kusema kesho anapanda huko, na kama niko na neno nilitie kwenye karatasi. Niko na maneno mengi, dada yangu. Kaa chini.

Lakini kwanza niambie mko namna gani. Mama na mguu wake? Papa bado anagombana na majirani kwa ajili ya mpaka wa shamba? Na Mumbere wako, yule mnene, ameanza kusimama peke yake? Siku ya harusi alikuwa akishika kila goti la mgeni ili atembee, na wageni wakidhani anawapenda. Nilivyomkumbuka wiki hii, utajua kwa nini ukifika mwisho wa barua.

Sisi tuko wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi, nakuambia. Yaya, Kakule wangu! Mlisema mapenzi ya kabla ya ndoa ni sukari ya juu ya beignet, ukiuma mara mbili imekwisha. Mimi nauma tu, na sukari iko mpaka ndani. Anarudi kutoka atelier yake ya useremala na unga wa mbao kwenye nyusi, kama mzee wa mvi, na kabla ya kufika kwenye mlango wa lupango, uzio wa nyumba yetu, anapiga mluzi ule aliokuwa akinipigia nyuma ya shule yetu Butembo. Nikiusikia nasahau kama nimesimama au nimekaa. Ananiita "Sheri" mbele ya mama yake! Mama mukwe anageuza uso na kusema, "Hii Kifransa itaunguza chakula." Na kweli, mara mbili kimeungua.

Alikuwa ananitengenezea garde-robe. Si ya kununua. Yake mwenyewe, ya mbao za libuyu, nyekundu kama chai ya rangi. Kwenye milango yake miwili alichonga K moja kila upande, yake na yangu, na katikati ua. Kila jioni aliniita niguse. "Gusa, Sheri. Iko laini sawa nini?" Nami nasema laini kama shavu la mtoto, naye anasugua tena. Nguo zangu zote zilikuwa kwenye misumari ukutani zikingojea garde-robe hiyo, hata kile kitenge cha harusi mlichonipa. Kumbuka milango hiyo, Yaya. Nitarudi kwayo.

Sasa nikuambie habari ya citerne, kwa sababu kwenye simu ulidhani nafanya mzaha.

Parcelle yetu, kiwanja chote, iko kwenye mteremko, na robinet ya avenue hutoa upepo zaidi kuliko maji. Kwa hiyo baba mukwe, Mungu amrehemu, alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalisiliba simenti, akaelekeza mfereji wa mabati, manjanja ya paa, humo. Mvua ikinyesha tunasikia maji yakishuka ndani kama watu wanaoteta. Mtu mzima akisimama humo, maji yanamfunika. Kinywa chake ni kipana kama mkeka, na kiko sawasawa na ardhi, hakuna ukuta. Juu yake palikuwa na kipande cha manjanja kikuukuu kilicholiwa na kutu, na jiwe juu ya manjanja. Huo ndio mfuniko niliokuta.

Na watoto pia niliwakuta, walikuwa wameletwa siku chache kabla ya harusi yetu. Ni wa shemeji Kasereka, kaka wa Kakule, ambaye yeye na mke wake wako Mabalako kwenye kakao. Unajua mambo ya huko, waasi na bunduki. Wao wanaweza kukimbia usiku, lakini hawawezi kukimbia na wadogo, kwa hiyo waliwaleta kwa Mukaka wao, yaani bibi yao, mpaka mavuno yaishe. Kahindo yuko na miaka minne na mdomo wa wakili. Mdogo wake tunamwita Bebe, na Bebe alikuwa ameanza tu kutembea, ule mwendo wa kulewa, mikono juu, anaenda kule anakotazama na anatazama kule kunakong'aa. Na wewe unajua, Yaya, kwenye parcelle kitu kinachong'aa ni nini. Ni maji.

Alfajiri Kakule anaenda atelier. Mama mukwe anachukua jembe anaenda shambani, kwa sababu hofu yote ya dunia hii haijawahi kumzuia mwanamke huyo kwenda kwenye mihogo yake. Ninabaki mimi, watoto wawili, mbuzi mmoja, na lile shimo.

Ndipo nilipojua gereza. Mimi niliyekuwa nikikimbia kutoka sokoni mpaka chorale, kutoka chorale mpaka kwako, nilianza kuhesabu hatua za kwenda msalani. Bebe mgongoni muda wote, mzito kama bidon iliyojaa maji, maana nikimweka chini tu anaelekea nyuma ya nyumba. Nikipika, jicho moja kwenye sufuria na moja nje, ndiyo maana vyakula viliungua, si Kifransa peke yake. Chorale ya parokia ya huku walinialika, wako na sauti nzuri kuliko zetu, usimwambie mtu. Sikwenda hata mara moja. Sokoni sikwenda. Nilipomwomba mama mukwe aniruhusu nifike walau barabarani, alinijibu:

"Bibi mupya hapana kutembea-tembea. Bakikuona ku njia kila siku, batasema nyumba inakushinda."

"Lakini Mama, ni ile citerne. Tukiifunika vizuri, nitapumua."

"Kufunika, kufunika! Sisi tulikomea pembeni ya maji tangu butoto mpaka bukubwa. Mutoto hapana kulindwa na mufuniko. Analindwa na boga."

Na woga aliwapa. Jioni aliwaketisha watoto karibu na moto na kuwaambia kwamba ndani ya citerne anakaa mambamutu, nusu mwanamke, nusu samaki, mwenye nywele mpaka kiunoni na kioo mkononi, na mtoto akisogea humshika mguu na kumpeleka chini. Bebe alilala. Kahindo alikodoa macho. Kesho yake hakukaribia nyuma ya nyumba hata kidogo, na mama mukwe alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kakule naye kila nilipomwambia alinishika mashavu. "Sheri, siku ya posho nitatengeneza. Mbele ya Mungu." Jumamosi, siku hiyo ya posho, ikifika, mteja anafika nayo. Mara kitanda cha bibi arusi, mara jeneza, na jeneza halingoji. Mume wangu anatia milango kwenye nyumba za Beni nzima na shimo lake liko wazi. Nilimwambia hivyo kwa hasira siku moja, akacheka, akanibusu, nami nikacheka. Ndio ubaya wa kumpenda mtu, Yaya. Anakufanya ucheke wakati unapaswa kugonga meza.

Basi nikabuni wimbo. Ukiwa peke yako unabuni. Nikiwa natwanga au nafua naimba, "Batoto ba kwetu, muko?" nao waitike, "Tuko!" Naimba tena, "Muko wapi?" na Kahindo anajibu, "Ku mulango!" ama "Chini ya mupapai!" ama "Kwa mbuzi!" Bebe anatoa sauti yake tu. Sauti zikitimia, naendelea kutwanga. Moja ikikosa, naangusha mchi na kukimbia. Majirani walidhani bibi mupya wa Kakule ana furaha isiyo ya kawaida, anaimba kutwa. Baba Yusufu alinisifu kabisa: "Mama, wimbo yako inatupatia nguvu." Nilitabasamu. Yeye alisikia wimbo. Mimi nilikuwa nahesabu watoto.

Sasa sikia mazungumzo haya, maana ndiyo yaliyoleta balaa, na yalikuwa matamu kabisa. Nilikuwa namsuka Kahindo, kichwa chake kati ya magoti yangu.

"Mama mudogo, mambamutu iko muzuri?"

"Bamesema iko muzuri sana."

"Kupita weye?"

"Muulize papa mudogo Kakule." Nilikuwa najidai, ndiyo.

"Iko na bwana?"

"Hapana. Hayaolewa."

"Juu ya nini?"

Nami nikajibu kwa kucheka, "Hakuna mwenye alimuletea mbuzi."

Akakaza mabega. Nilidhani kamba za nywele zinamuuma. Kisha akasema polepole, "Donc iko peke yake, mu giza?"

"Labda."

"Masikini."

Hilo tu. Unajua mtoto huyu alifika huku wakati wa harusi yetu. Aliona mbuzi wakitolewa kwenye lupango hii, wakafungwa kamba, wakaenda Butembo kwa Papa. Na baada ya mbuzi kwenda, mimi nikaja. Kwa akili yake ilikuwa hesabu safi kabisa: ukipeleka mbuzi kwa mwanamke, mwanamke anatoka alikokuwa na kuja kuishi nawe. Mukaka alidhani amemtia woga. Sisi tulikuwa tumemtia huruma, na huruma, Yaya, haiogopi shimo.

Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua ya usiku, na citerne ilikuwa imejaa mpaka juu. Natwanga sombe, majani ya mihogo, mbele ya nyumba, Bebe mgongoni. Nikaimba, "Batoto ba kwetu, muko?"

"Tuko!"

Ilikuja. Sauti ya Kahindo, wazi, ya furaha. Niliinua mchi tena. Lakini mkono ulikataa kushuka. Sauti ile ilikuwa na mwangwi nyuma yake, kama mtu anayeimba akiwa ameweka uso ndani ya mtungi. "Tuko-oko." Kisha nikasikia mbuzi akilia, si kilio cha njaa, kilio cha mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa.

Sijui nilizungukaje nyumba. Nilikuta jiwe limesukumwa na manjanja imetelezeshwa kando. Mikono midogo ilifanya hivyo, Yaya, mfuniko wetu wote haukumshinda mtoto wa miaka minne. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kwa tumbo ukingoni, miguu imeshaingia majini mpaka magotini, anateleza kwenye simenti yenye utelezi wa kijani. Kamba ya mbuzi alikuwa ameizungusha kwenye mkono wake mara nyingi ili asiachie. Na upande wa pili wa kamba alikuwa mbuzi wa Mukaka, amechimbia kwato zake nne kwenye matope, shingo imenyooka, anavuta kurudi nyuma kwa nguvu zote za ukoo wake. Unajua mbuzi na maji. Alikataa kumwoa mambamutu. Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye ukaidi wa mbuzi, hakuna kingine.

Hakulia. Hilo ndilo linaniamsha. Hakuita hata "Mama mudogo". Uso wake ulikuwa umekazwa, kimya, anashughulika na kuteleza.

Nilimshika gauni, nikamshika mkono, nikamvuta, tukaanguka nyuma wote watatu na mbuzi akatukanyaga akikimbia. Bebe mgongoni alicheka, alidhani ni mchezo. Kahindo ndipo alipolia, na unajua alilia nini? "Mbuzi inakimbia! Atabaki ndani! Mambamutu atabaki ndani!"

Nilikaa kwenye matope nikiwa nimewakumbatia wote wawili mpaka mama mukwe alipofika kutoka shambani. Aliona manjanja, akaona kamba, akaona alama nyekundu kwenye mkono wa mjukuu wake. Akatupa jembe.

"Weye! Ulikuwa wapi?"

Yaya, unanijua. Mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa. Lakini siku ile kichwa kilikataa kuinama.

"Nilikuwa hapa, Mama. Niko hapa kila siku. Sijatoka hata ku njia. Miye mwenyewe njo mufuniko ya ile citerne, na ona, nilitwanga sombe kidogo tu, na mutoto akafika mu maji."

"Usiniinulie sauti. Sisi tulikomea pembeni ya maji, na nilikomesha batoto yangu pembeni ya maji. Nani alikufaka? Nani?" Akainua mkono mbele ya uso wangu na kuanza kukunja vidole, mtoto mmoja baada ya mwingine; kifungua mimba wake naye ni Mumbere kama wako. "Mumbere. Kambale. Kasereka. Kakule..."

Vidole vinne vilikunjwa. Kidole gumba kikabaki kimesimama. Alikitazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akageuka, akaingia jikoni, akafunga mlango, na hatukumwona mpaka jua liliposhuka.

Kakule ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, yeye bado na unga wa mbao usoni. Baada yake alizaliwa Katembo. Sikuwahi kusikia jina hilo kwenye nyumba hii. Alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, kama Bebe. Mama yao alikuwa ameloweka mihogo kwenye basini, beseni tu, maji hayakufika hata kwenye goti la mtoto. Akaenda kwa jirani kuomba chumvi, wakasalimiana kama watu wanavyosalimiana, akarudi, akamkuta amelala kifudifudi majini. Kakule alikuwa mdogo naye, alikuwa anacheza hapohapo, mgongo wake ukielekea basini, na hakusikia kitu. "Hakuna hata mulio, Kavira." Aliniita Kavira, hakusema Sheri. "Mutu anawaza mutoto ataita, atapiga maji. Hapana. Ni kimya tu, sawa mutu anaangalia kitu."

Tangu hapo mama yao alikuwa na mambamutu. Kila mtoto aliyepita mikononi mwake alisimuliwa. Mimi nilikuwa namchukia kidogo kwa woga ule, nakuambia ukweli, na kumbe woga ndio mfuniko pekee aliokuwa nao miaka yote hiyo. Alikuwa mfungwa wa lile shimo kabla yangu, ila yeye aliamua kutolitazama.

Asubuhi iliyofuata, na haikuwa siku ya posho, Kakule hakwenda atelier. Alikwenda na kurudi upesi, na begani alikuwa amebeba milango miwili ya libuyu. Nilidhani amekuja kunionyesha. Akapita mbele yangu, akazunguka nyumba, akailaza juu ya citerne, na kuanza kupima.

"Kakule! Si ni ya garde-robe?"

"Njo mbao ngumu yenye niko nayo."

"Na nguo zangu?"

Akanitazama, penseli sikioni. "Nguo itangojea ku musumari, Sheri. Mutoto hapana kungojea."

Yaya Masika, niambie, mwanamke gani duniani amewahi kupewa zawadi kama hiyo? Nililia mpaka akadhani nasikitikia mbao. Mafundi wawili wa atelier walikuja na mifuko ya simenti, wakajenga kiukuta kinachofika kiunoni kwangu kuzunguka kinywa cha shimo, na juu yake wakatia milango na bawaba na kufuli. K moja huku, K moja kule, na ua katikati linalokutana ukifunga. Baba Yusufu alikuja kuangalia akashika kichwa: "Kakule, hii citerne inavaa suti kupita miye!"

Lakini kabla hawajaanza kujenga, niliomba kitu. Kwa sababu Kahindo alikuwa amekaa mbali, mikono kwenye magoti, ananiuliza tena na tena, "Bakifunga, yeye atatokea wapi?" Niliona kwamba tukifunga hivyo, atatafuta ufunguo usiku na mchana. Nilimwita mama mukwe. Nilimwambia, "Mama, mutoto anaenda kuona ukweli leo." Alikuja kusimama nyuma yetu.

Nilimbeba Kahindo, Kakule akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, tukainama juu ya maji. Jua lilikuwa juu kabisa, maji meusi, yametulia.

"Angalia vizuri. Unaona nani?"

Alitazama. Muda mrefu. Kisha akashtuka, akaelekeza kidole.

"Mama mudogo! Kumbe ni weye iko ndani!"

Kakule alicheka nyuma yangu, tumbo lake likitikisa mgongo wangu. Mimi sikuweza. Niliuona uso wangu kule chini, umezungukwa na simenti pande zote, kitambaa kichwani, na yule mtoto shingoni. Naye Kahindo akaninong'oneza sikioni kwa huruma yote ya dunia:

"Mais mbuzi balishapeleka kwenu. Sasa toka."

Nilimweka chini, nikamshika uso, nikamwambia, hakuna mtu ndani, hakuwahi kuwamo. Ni sura yetu tu juu ya maji. Maji hayana mikono, hayana nywele, hayakupendi, hayakuchukii, hayajui jina lako. Ukianguka yatakufunika kama yanavyofunika jiwe. Ndiyo sababu mtoto haendi peke yake, si kwa sababu ya mwanamke mwenye kioo. Alifikiri. Akauliza kama Bebe akianguka, maji hayatajua kwamba ni Bebe? Nikasema hayatajua. Hapo ndipo nilipoona woga wa kweli ukiingia machoni pake, mdogo, wa akili. Sasa akiona hata ndoo yenye maji anapiga kelele, "Bebe! Bebe iko karibu!"

Na mama mukwe, nyuma yetu, alikuwa ameanza kazi yake. Alikwenda kwenye basini yake ya mihogo, ile iliyokuwa karibu na jikoni, akamwaga maji, mihogo yote akaihamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na basini akaipindua. Akaipiga kofi mgongoni, mara moja, kama mtu anayelaza mtoto.

Ufunguo anauvaa yeye, kwenye kamba ya kiunoni. Anayefungua ndiye anayefunga, hata kama nyumba inaungua. Na tuna desturi mpya, ameibuni yeye si mimi: mtu mzima hawezi kuondoka mpaka mwingine aseme kwa kinywa chake, "Batoto iko kwangu," na yule anayeondoka ajibu, "Nimeona iko kwako." Si "waangalieni watoto", kwa sababu kila mmoja hudhani ni mwingine. Kakule siku ya kwanza alitaka kujibu kwa kutikisa kichwa. Mama yake akamrudisha kutoka barabarani.

Sikudanganyi kwamba nimekuwa ndege. Barabara ni ileile, habari za Mabalako ni zilezile, na mchana nikiwa peke yangu na wadogo wawili, moyo bado unahesabu sauti. Kamba ni ndefu kidogo tu. Lakini leo, baada ya misa, nilikuwa nakunja kitenge nikikitundika kwenye musumari wake, na mama mukwe akaja mlangoni. Hajawahi kuniita jina langu tangu nimefika. Mimi ni "bibi mupya" kwake.

"Kavira."

"Abee, Mama."

"Batoto iko kwangu."

Nilidhani anataka niende kuchota maji. "Nimeona iko kwako, Mama."

"Basi enda usalimie kwenu. Mais urudi. Kakule akila sombe yangu siku mingi, atasema ina chumvi."

Ni hivyo, Yaya. Hilo ndilo neno tamu ambalo mtandao ungelingojea ndipo ujifie.

Mwambie Mama nimekonda kidogo lakini ni kwa kukimbia, si kwa njaa. Mwambie Papa mbuzi aliowapokea wana ndugu mmoja hapa aliyeokoa mtoto, kwa hiyo asiwauze ovyo, ni ukoo wenye heshima. Msalimie shangazi Kanyere wa Kirumba, yule aliyenishikia mwavuli siku ya harusi na kuulowesha mgongo wake mwenyewe; maharage yake tuliyala mpaka punje ya mwisho. Msalimie marraine wangu, mama yangu wa ubatizo, aliyenifundisha kuimba. Mwambie wimbo wangu mmoja umekuwa na kazi nyingi kuliko misa zote. Msalimie na bwana wako, umwambie Kakule anamsubiri kwa ule mchezo wa dame waliouacha katikati.

Na wewe sasa. Iko ile basini ya bluu unayoiacha chini ya manjanja ikinge mvua usiku, nawe asubuhi unakimbilia soko. Na iko Mumbere wako, anayeshika kila goti ili atembee, na siku moja atakosa goti atashika ukingo wa basini. Usiningojee. Usimngojee bwana wako mpaka siku ya posho. Ukimaliza mstari huu, weka barua chini, toka nje, uimwage na uipindue, kisha rudi umalizie.

Umerudi? Wasingya, asante, dada yangu.

Baba Yusufu ameniahidi kiti cha mbele barabara ikiruhusu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama uani kwenu, na kabla sijawakumbatia, nitatazama kwanza mgongo wa ile basini.

Mdogo wako akupendaye,
Kavira, bibi ya Kakule (nimeliandika jina hilo polepole, linanipendeza mno)